Mpiga kinanda aliyenyamaza miaka 38

Ijumaa moja jioni tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Mwenge, mimi na mke wangu, kiti cha nyuma kimejaa kamera, taa na nyaya. Tulikuwa tunatoka kupiga video ya sendofu. Tumechoka, tuna njaa, hakuna anayeongea. Redio ikaweka wimbo wa Kizungu wa zamani, unaoanza na kinanda peke yake, taratibu, kama kile cha kanisani Jumapili asubuhi kabla ibada haijaanza. Nikaongeza sauti.

“Huu si ule waliouingilia ukumbini wale maharusi wa Mbezi?” mke wangu akauliza.

Ndiyo wenyewe. Unaitwa A Whiter Shade of Pale, wa bendi ya Waingereza inayoitwa Procol Harum. Na wewe msomaji, hata kama majina hayo hayakuambii kitu, nakuhakikishia kinanda hicho umeshakisikia: kwenye filamu, kwenye lifti ya hoteli, kwenye vipindi vya usiku vya nyimbo za mapenzi. Kwenye kazi yangu ya video za harusi nimekutana nao zaidi ya mara moja, na kila mara nacheka peke yangu nyuma ya kamera. Mashairi yake yanasimulia usiku wa ulevi, watu wawili ambao mambo yao yanaelekea kuharibika, na mwanamke anayepauka uso. Ukisikiliza vizuri huwezi kuingia nao ukumbini na shela. Lakini nani anasikiliza mashairi? Watu wanasikiliza kinanda.

Basi nikaanza kumsimulia mke wangu habari za bendi ile, kupoteza muda tu. Sikujua kwamba mpaka tunafika nyumbani stori hiyo itakuwa imegeuka kesi yangu mimi.

Paka, mashairi na tangazo la gazeti

Mwanzo wake ni mji wa Southend, pwani ya mashariki mwa Uingereza. Miaka ya mwanzo ya 60 kulikuwa na vijana huko wenye bendi iliyoitwa The Paramounts, wakipiga nyimbo za Wamarekani weusi. Mwimbaji na mpiga piano wao alikuwa Gary Brooker, kijana mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Mwaka 1964 walipata kawimbo kadogo kalikofika namba 35 kwenye chati, basi. Mwaka 1966 bendi ikafa.

Mtu mmoja wa mjini, Guy Stevens, akamkutanisha Brooker na kijana anayeitwa Keith Reid. Reid alikuwa haimbi na hapigi chombo chochote. Alikuwa anaandika mashairi tu. Wakakubaliana: wewe andika, mimi nitatia muziki. Na jamaa huyu akawa mwanachama kamili wa bendi, akasafiri nao, ila jukwaani hukumwona. Jina la bendi nalo lilitokana na paka wa rafiki yao mmoja. Ukitafuta maana yake utasumbuka bure.

Reid aliwahi kueleza kwamba jina la wimbo alilidaka kwenye pati, alipomsikia mtu akimwambia mwanamke fulani kwamba amepauka. Neno likamganda kichwani, akaenda kulijengea usiku mzima kulizunguka. Brooker akakaa kwenye piano akatafuta njia ya kulipigia, besi ikishuka hatua kwa hatua, kwa namna ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani. Kwa hiyo wimbo ulikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kuupiga, na wakatangaza nafasi kwenye gazeti la muziki la Melody Maker.

Hapo ndipo anapoingia Matthew Fisher. Alikuwa na miaka 21, kasomea muziki, na alikuwa na kinanda cha Hammond. Enzi zile mwenye Hammond yake mwenyewe alikuwa kama leo kijana mwenye gari la kubebea vyombo: bendi zote zinamtaka. Katika mazoezi Fisher akatengeneza ile sauti ya kinanda unayoijua, baa nane za mwanzo, ambazo zinarudi tena katikati ya beti. Hakuna aliyemwandikia. Brooker alimpa njia, yeye akapita nayo.

Aprili 1967 wakaingia Olympic Studios, London, chini ya prodyuza Denny Cordell. Bendi haikuwa na mpiga dramu wa uhakika siku hiyo, wakakodi mtu, Bill Eyden, mwanamuziki wa jazi, akapiga, akalipwa ujira wake, akaenda zake. Santuri ikatoka tarehe 12 Mei. Mwezi mmoja haujaisha ikawa namba moja Uingereza, ikakaa hapo wiki sita. Marekani ikafika namba 5. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni nakala milioni 10 duniani kote. Na kumbuka ni kiangazi kile kile ambacho The Beatles walitoa Sgt. Pepper's. Kutamba wakati huo haikuwa lelemama.

Kwenye lebo ya santuri, chini ya jina la wimbo, paliandikwa majina mawili: Brooker na Reid.

Maisha baada ya wimbo mmoja

Unajua ugonjwa wa kuanza na mlima? Wengi tunaupata kwenye kazi. Unaajiriwa, mradi wa kwanza unashinda, bosi anakupongeza mbele ya watu, halafu miaka kumi inayofuata unapimwa kwa mradi ule ule. Procol Harum waliupata ugonjwa huo wakiwa na miaka ishirini na kidogo.

Ndani ya miezi michache mpiga gitaa na mpiga dramu wakaondoka. Brooker akawaita washikaji zake wa The Paramounts, Robin Trower kwenye gitaa na B.J. Wilson kwenye dramu. Wimbo wa pili, Homburg, ulifika namba 6 mwaka huo huo, lakini watu walisema umefanana na ule wa kwanza. Albamu yao ya kwanza ilipotoka Uingereza, wimbo mkubwa haukuwekwa ndani! Wamarekani waliuweka, Waingereza hapana. Hebu fikiria unafungua mgahawa unaosifika kwa biriani, halafu kwenye menyu biriani haipo.

Hata hivyo nisiwadhulumu. Ukisikiliza A Salty Dog ya mwaka 1969, albamu ambayo Fisher mwenyewe aliisimamia kama prodyuza, unaona kwamba hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Novemba 1971 walipiga na okestra ya mji wa Edmonton, Kanada, na kutoka kwenye onyesho hilo wimbo wao wa zamani, Conquistador, ukafika namba 16 Marekani mwaka uliofuata. Kwa bendi nyingine hiyo ingekuwa ndoto. Kwao ilikuwa “enhe, na ule mwingine mtapiga saa ngapi?” Mwaka 1977 wakavunja bendi, na mwaka huo huo tuzo za Brit zikaupa ule wa kwanza heshima ya wimbo bora wa pop wa Uingereza wa miaka 25, wakigawana na Bohemian Rhapsody ya Queen. Zawadi imefika, mwenye nyumba kahama.

Fisher alikuwa ameshaondoka tangu 1969. Baadaye akajifunza kompyuta na kufanya kazi ya programu. Piga picha: mtu yuko ofisini, anakunywa chai, redioni kinalia kinanda alichokipiga akiwa na miaka 21. Malipo ya upigaji, ile sehemu ya wasanii, alikuwa anapata kama wenzake. Lakini fedha za utunzi, ambazo kwa wimbo wa namna hii ndizo zenyewe, zilikuwa zinakwenda kwa majina mawili yaliyo kwenye lebo.

Mwaka 1991 bendi ikafufuka. Na unajua nani alirudi? Fisher. Akakaa tena na Brooker jukwaani, wakazunguka dunia zaidi ya miaka kumi, kila onyesho anapiga baa zile zile nane, watu wanapiga makofi, wanarudi hotelini. Akaondoka 2004. Mwaka 2005 akaenda mahakamani.

Kinanda chaletwa mbele ya jaji

“Ngoja,” mke wangu akanikatiza. Tulikuwa bado hatujavuka taa. “Wimbo wa 67, kesi ya 2005?”

Miaka 38.

“Alikuwa wapi?”

Hilo ndilo swali ambalo na mawakili waliliuliza. Fisher alieleza kwamba mapema kabisa aliligusia kwa wenzake, hawakumsikiliza. Na hakusukuma zaidi, kwa sababu aliona akisukuma ataambiwa kwaheri, watafute mpiga kinanda mwingine. Alikuwa kijana mdogo, amepata bahati ambayo maelfu wanaililia. Ungefanya nini? Wangapi hapa tumeshakaa kwenye kikao bosi anawasilisha wazo letu kama lake, tukatikisa kichwa na kuandika kumbukumbu za kikao?

Upande wa Brooker nao usiupuuze. Yeye alishikilia kwamba wimbo ulikuwa umeshatungwa kabla Fisher hajakanyaga mazoezini. Piano ilikuwepo, sauti ilikuwepo, mashairi yalikuwepo. Kila mpiga chombo studio huongeza chake, ndiyo kazi yake. Je, kila aliyeongeza apewe utunzi? Hata kwenye muziki wetu wa dansi, ukianza kuuliza nani mwenye lile solo la gitaa ambalo nchi nzima inaliimba kwa mdomo, utavunja undugu wa watu. Mimi ninayeandika hapa, kwa mara ya kwanza niliposoma kesi hii nilikuwa upande wa Brooker, na nilijiona nina akili.

Jaji aliyesikiliza anaitwa Blackburne, na kinanda kililetwa mpaka mahakamani ili Fisher aonyeshe kwa vidole. Desemba 2006 jaji akaamua: ile sehemu ya kinanda ni utunzi, Fisher ni mtunzi mwenza. Alikuwa ameomba nusu ya muziki. Akapewa asilimia 40, kwa kuwa mchango wa Brooker ulikuwa mkubwa zaidi. Mashairi ya Reid hayakuguswa. Na fedha za nyuma? Hizo hapana. Jaji alisema kwa kukaa kimya miaka yote ile ni kama aliwapa wenzake ruhusa ya kuutumia, na ruhusa ilikoma siku alipodai, Mei 2005.

Brooker akakata rufaa. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikampa Fisher jina bila fedha: sawa, wewe ni mtunzi, lakini umechelewa mno, hupati hata senti. Fisher naye akapanda Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho Uingereza. Tarehe 30 Julai 2009 majaji watano, kwa kauli moja, wakamrudishia asilimia 40 zake. Walisema sheria yao haina muda wa mwisho wa kudai umiliki wa hakimiliki, na kwamba kuchelewa kwake hakukumuumiza Brooker. Kinyume chake, miaka yote hiyo Brooker alikuwa anakula sehemu yote ya muziki. Mmoja wao, Baroness Hale, aliandika kwamba yeye anazikumbuka enzi zile za 60 na anafurahi mwenye kinanda kile ametambuliwa. Mwaka huo huo kampuni ya Uingereza inayokusanya malipo ya santuri ilisema hakuna wimbo uliopigwa zaidi kwenye sehemu za umma nchini humo kwa miaka 75.

Kwa hiyo alishinda. Lakini piga hesabu mwenyewe: kuanzia 1967 mpaka 2005, miaka ambayo wimbo ulikuwa wa moto, miaka ya filamu, miaka ambayo kila mtu aliurudia kuanzia Percy Sledge mpaka Annie Lennox, mrabaha wa utunzi kwake ulikuwa sifuri. Urafiki nao sitaki kuuhesabu. Brooker aliendelea na bendi bila yeye, akatoa albamu ya mwisho, Novum, mwaka 2017, safari hii hata mashairi mengi aliandika mtu mwingine, Pete Brown. Brooker alifariki Februari 2022. Reid akafuata Machi 2023. Katika majina matatu yanayotambuliwa leo kwenye wimbo ule, waliotangulia ni wale wawili wa kwenye lebo ya zamani.

“Mimi nina miaka sita”

Nilipomaliza, mke wangu alikuwa anaangalia nje. Wauza maji wamepita, wauza korosho wamepita. Nikadhani amesinzia.

“Baba Junior,” akasema, “mimi nina miaka sita.”

“Sita ya nini?”

“Ya kupiga kinanda.”

Nikuelezee, msomaji, maana mimi mwenyewe ilinichukua mpaka Makongo kuelewa. Biashara yetu ya video mimi ndiye napiga, yeye ndiye anakaa kwenye kompyuta usiku anakata na kuunganisha. Video zetu zina mwanzo wake. Hazianzi na bwana harusi kushuka kwenye gari kama za wengine. Zinaanza na mikono: mikono ya bibi, ya mama, ya mashangazi, ikimfunga binti khanga, ikipaka hina, ikifunga vifungo vya gauni, hakuna muziki, sauti za vicheko tu. Dakika moja na nusu. Wateja wanapopiga simu wanasema, “tunataka ile ya mikono.” Kama mjini tuna jina, jina ni hilo.

Wazo la mikono ni la nani? La mke wangu. Alilitoa kwenye harusi ya mdogo wake, mimi nilikuwa nalalamika kwamba kanipotezea betri.

Sasa leseni ya biashara: jina langu. Akaunti ya benki: jina langu. Kadi za biashara: jina langu, kubwa, la dhahabu. Na mwezi uliopita, kwenye kikao na kamati ya harusi, mwenyekiti alisifia ile mikono, nikajibu kwa mdomo wangu huu, “ndiyo mtindo wangu, mzee.” Mama Junior alikuwa pembeni yangu, ameshika daftari la malipo.

“Mbona hukusema?” nikamuuliza. Ndiyo, niliuliza hivyo. Dakika ishirini baada ya kumsimulia habari za Fisher.

“Nilisema. Mwaka wa kwanza, tulipochapisha kadi. Ukasema kadi zikiwa na majina mawili zinajaa.”

Sikumbuki. Na kutokukumbuka kwangu ndiko kulikonikosesha usingizi usiku ule, kwa sababu nadhani Brooker naye angeapa hakumbuki, na asingekuwa anadanganya. Aliyeshika piano anakumbuka piano. Kwake ile sentensi ya kadi ilikuwa maneno ya mezani, kwa mwenzake ilikuwa mlango uliofungwa. Mke wangu hakununa, hakuacha kupika, hakuacha kukata video. Tumecheka, tumesafiri, tumezaa, na jambo lile limekaa hapo katikati yetu kama Hammond jukwaani, mimi nikidhani ni fanicha.

Wikiendi ile tukakaa mezani na karatasi za kubadilisha usajili wa biashara iwe ya ubia. Kuna sehemu ya kujaza mgawanyo. Nikajaribu utani: “Tuweke arobaini, kama Malodi walivyosema.”

Hakucheka.

“Fisher alikuta wimbo umeshatungwa,” akasema. “Mimi nilikukuta na kamera gani?”

Kamera ya kwanza, kwa taarifa yako, ilitoka kwenye fedha zake za kikoba. Nikajaza hamsini kwa hamsini nikasaini haraka kabla hajaendelea na hesabu.

Kadi mpya bado hatujachapisha, za zamani zimebaki boksi karibu zima na karatasi ni ghali. Nilitaka kuzitupa, amekataa. Kila anapompa mteja, anatoa kalamu kwenye pochi na kuandika jina lake kwa mkono, juu ya langu.